Makaa ya Mzee Taa Yamegoma

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliokuwa ubavu wa lori kabla Breki hajastaafu udereva. Umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi ni mimi, Wembe. Nikisema hakuna linalonipita hapa msidhani najisifu. Kioo changu kinatazama benchi, na komeo la mlango wangu, lenye kishikio ndani na nje, limekwama tangu mvua za mwanzo, haliingii wala halitoki, usiku nafunga mlango kwa kamba na kuegemeza kiti. Basi hata nisipotaka kusikiliza, nasikiliza. Kahawa anapika Bi Birika, ila moto si juu yake. Kila siku mmoja wetu analeta moto, hiyo tunaiita zamu, na zamu ina sheria moja tu: moto ukikulalia, unashuka benchi unakaa kwenye ndoo, ile ya rangi iliyopinduliwa kando ya mfereji, mpaka zamu yako nyingine. Nimewahi kukaa pale, nawaambia ninachokijua. Upepo wa mfereji unapanda na suruali.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mzee Taa. Jina lake linatokana na taa aliyoivaa kichwani miaka yote aliyochimba makaa ya mawe mlimani, kabla mgodi haujafungwa. Hata leo akiinama kuangalia kitu anagusa paji la uso, anatafuta swichi. Alikuwa ametoka wodini karibuni. Kifua kilimlaza, kikamlaza kweli, na kijiwe kizima kikahamia kando ya kitanda chake kwa zamu zilezile za moto, leo Breki, kesho Soli, keshokutwa Mwalimu. Sasa amerudi, shingo inazunguka ndani ya kola, na tangu arudi hana raha. Kila kikombe anachopewa anakishika kama cha kuazima. Aliisubiri zamu yake kama bwana harusi, na ilipofika akaja na kifuko cha makaa aliyoyaokota kwa mkono wake mwenyewe, meusi, yanang'aa, akayapanga jikoni, akawasha vijiti chini yake, akapepea. Vijiti vikaungua vikaisha. Akaongeza vingine, navyo vikaisha. Makaa yakabaki yanatutazama.

Bi Birika: Mzee wangu, maji hata hayajapiga mwayo.

Mzee Taa: Subiri, mwanangu. Makaa mazuri yanajivuta.

Breki: Yanajivuta kwenda wapi? Nimeweka kiganja hapa, jiko limepoa kuliko mimi.

Bi Birika: Breki, hukuulizwa.

Breki: Nasaidia tu kupima.

Mzee Taa akapepea mara ya mwisho, kwa nguvu ambayo mimi niliona hana. Kisha akaweka pepeo chini, akafuta viganja kwenye suruali, akaigeukia ile ndoo. Sote tukajua anawaza nini, na sote tulikuwapo siku daktari aliposema: mzee huyu akae pakavu, penye joto, asipigwe na ubaridi wa chini.

Mzee Taa: Haya. Sheria ni sheria.

Soli: Wapi! Kaa hapo hapo ulipo. Kesi haijasikilizwa.

Soli ni fundi viatu. Anakaa mwisho wa benchi na sindano yake nene, na kila anapovuta uzi anavuta na methali, ila uzi unaingia tunduni, methali haiingii popote.

Mzee Taa: Kesi gani? Moto umelala, nimeulaza mimi.

Soli: Moto haukulala, umegoma. Kulala na kugoma ni vitu viwili. Aliyelala humwamshi, aliyegoma unakaa naye mezani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo inahusu nini hapa?

Soli: Makaa ni mgeni. Tumpe nafasi ajieleze.

Breki: Naafiki. Mtuhumiwa ni makaa, Mzee ni shahidi tu. Na shahidi hakai kwenye ndoo.

Niliona Bi Birika akigeuza uso kuficha tabasamu. Hapo ndipo nikaelewa mchezo wenyewe. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua kwa nini makaa hayawaki. Haja ilikuwa moja, mzee asifike kwenye ndoo, na maneno yakiisha atafika. Basi maneno yasiishe.

Breki: Mimi nasema ni unyevu. Makaa yamelala nje, yamekunywa umande. Hata lori asubuhi ya umande linakohoa kwanza.

Mzee Taa: Nimeyakausha juani tangu juzi.

Breki: Basi ni hewa. Hewa imezidi. Unapepea sana, unalizamisha. Injini ukikanyaga mafuta kupita kiasi haiwaki.

Bi Birika: Jiko na injini wapi na wapi?

Breki: Vyote vina moshi.

Bi Birika: Hili halina hata moshi.

Breki: Ndiyo maana nasema limezama!

Soli: Nyote mnapotea. Makaa haya yametokea wapi, Mzee?

Mzee Taa: Kule kijitoni, chini ya mgodi. Mto umekula ukingo, ukanda wa makaa umejitokeza nje. Pale karibu na Ukuta.

Ukuta ni jina lililotolewa na wachimbaji. Alitueleza, kwa vidole, namna mlima ule ulivyo: tabaka la makaa limelala limenyooka, halafu limekatwa wima na bamba la jiwe gumu jeusi lililopanda kutoka chini zamani, enzi ambazo jiwe hilo lilikuwa uji wa moto. Mgodini walikuwa wakichimba wakifika pale patasi zinaruka, wanarudi nyuma.

Soli: Aha! Usipoziba ufa utajenga ukuta! Mlima ulikuwa na ufa, haukuzibwa, moto ukapita ukajenga ukuta. Si ndiyo?

Mwalimu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake mapajani, akainua kichwa. Anafundisha sayansi. Tunamwita Ubao, na anaitika.

Ubao: Soli, leo ni mara ya kwanza methali yako imekwenda mahali.

Soli: Zote huenda. Nyinyi ndio mnachelewa kufika.

Ubao: Ila haielezi kwa nini makaa hayawaki.

Soli: Inaeleza. Sikiliza. Kama kuna moto ulipita chini, kuna aliyeuwasha. Au sivyo? Moto haujiwashi, leo tumeona kwa macho. Basi chini ya mlima kuna kijiwe kingine. Wamekaa, wana birika lao, wana zamu yao. Makaa haya wameyatumia, wamekunywa kahawa, wametupa. Mzee ameokota jaa la watu.

Breki: He!

Soli: Na siku birika lao likifurika, sisi huku juu tunasema volkano.

Mzee Taa alicheka. Kicheko kikaamsha kikohozi. Bi Birika akampa maji ya uvuguvugu kutoka chupa yake mwenyewe. Mzee akanywa, akashukuru, na ile shukrani ikamkumbusha.

Mzee Taa: Mnaona? Hata maji napewa. Wanangu, mimi nilitaka kitu kimoja tu leo. Niwapikie kahawa kwa moto wangu. Nyinyi mlinibeba. Breki umeninyanyua kama mtoto ukanipandisha kitanda. Soli amekesha anashona viatu gizani ili mwanga usininyime usingizi. Bi Birika uji, kila siku uji. Mwalimu akinisomea gazeti mpaka matangazo ya vifo, nikamwambia hayo ruka. Wembe akininyoa nilivyolala, povu likiniingia masikioni. Nami nije na nini? Mkono mtupu haulambwi.

Soli: Mkono wako si mtupu. Hebu utazame, mweusi tii.

Alivifungua viganja. Kweli vilikuwa na weusi, lakini si weusi wa masizi niliouzoea mimi kwenye shingo za watu wa jikoni. Ulikuwa wa kijivu, unang'aa kidogo, kama tumbo la samaki. Ubao akauona pia. Akaweka madaftari kando.

Ubao: Mzee, ulipoyashika kule kijitoni, yalikuwa yanateleza?

Mzee Taa: Yalikuwa yanateleza, ndiyo. Nikasema ni umande.

Ubao: Na ulichagua yapi?

Mzee Taa: Yanayong'aa zaidi. Mgodini ndivyo tulivyofundishwa. Makaa dhaifu hayang'ai, yanakupaka, yana moshi mwingi. Kadiri yanavyong'aa, moto unazidi na moshi unapungua. Nikasema Bi Birika asiumie macho, na hiki kifua changu nacho kisilalamike. Nikawa nasogea kuelekea Ukuta, kila hatua yanang'aa zaidi, nasogea, mpaka nikayakuta haya yaliyobanana na jiwe lenyewe. Nikasema haya ndiyo mfalme wao.

Ubao: Sheria yako ni ya kweli kabisa, Mzee. Ila ina mwisho. Wewe umeifuata ukaupita mwisho wake.

Mzee Taa: Nikaangukia wapi?

Ubao: Umeangukia kwenye penseli.

Alichukua kipande kimoja jikoni, kikiwa kimepoa maana hakikuwahi kupata moto, akakiburuta juu ya jalada la daftari. Kikaacha mstari laini wa kijivu. Akaandika "Mzee Taa" kwa mwandiko wa darasani.

Ubao: Hii ni grafiti. Ule weusi wa ndani ya penseli. Yalikuwa makaa ya mawe, sasa si makaa tena.

Breki: Yamestaafu.

Ubao: Breki, nipe zile karata.

Karata za Breki zinajulikana. Tumezichezea juu ya vikombe, sukari imezinata, nyingine zimekunjika pembe, nyingine zina alama ya meno ya mbuzi. Ubao akazimwaga zote benchini, zikaanguka rundo, hii imelala, hii imesimama, hizi tatu zimegandana.

Ubao: Makaa ya kawaida ndani yake yako hivi. Mwanzo ilikuwa mimea ya kinamasi, ikafukiwa, ikakandamizwa, ikapashwa joto kwa mamilioni ya miaka. Kinachobaki zaidi ni kaboni, na kaboni inapenda kujipanga kwa bapa, bapa nyembamba mno, kama karata. Lakini kwenye makaa bapa hizo ni ndogondogo, zinarundikana mbilimbili tatutatu, kila rundo linaelekea upande wake. Na kati yake mna vitu vinavyoning'inia na kuzishika, hidrojeni, oksijeni, kama hii sukari yenu.

Bi Birika: Sukari yao. Mimi huwaambia wanawe mikono.

Ubao: Ukiwasha moto, hiyo sukari ndiyo inayokimbia kwanza. Ndiyo moshi, ndiyo ndimi za moto. Sasa mlimani, joto linapozidi na uzito unapozidi, vile vinavyoning'inia vinatoka polepole kama gesi. Bapa zinaachiliwa. Zinaunganika pembeni na kuwa pana. Zinanyooka mikunjo.

Alikuwa anazibandua karata moja moja, anazifuta kwa leso yake, anazinyoosha juu ya goti.

Ubao: Na kwa kukandamizwa na kusukumwa, zinageukia upande mmoja. Inalala hii, juu yake hii, juu yake hii. Nafasi ya katikati inapungua, zinakaribiana. Mpaka zinakuwa hivi.

Akatuwekea mkononi fungu la karata limenyooka, safi kuliko nilivyowahi kuliona, akalisukuma kwa kidole gumba. Zikateleza, moja juu ya nyingine.

Ubao: Ndiyo maana inateleza, ndiyo maana inaandika. Unapoiburuta, bapa za juu zinabaki kwenye karatasi. Na kawaida safari hiyo ni ndefu, lakini Ukuta ulipopanda na moto wake, makaa yaliyokuwa jirani yalipikwa kuliko wenzao wa mbali. Ndiyo maana Mzee alikuwa akisogea yanabadilika.

Breki: Sasa kama ni kaboni tupu, si ingewaka zaidi?

Ubao: Moto unaanzia kuuma pembeni mwa bapa. Zikiwa ndogo, zimetawanyika, pembe ni nyingi, moto unapata pa kushika. Zikiwa pana zimelaliana hivi, moto unagonga, hauoni mlango. Ingehitaji joto kubwa mno. Kwa jiko la Bi Birika, sahau.

Soli: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mimi: Nani kibaya?

Soli: Moto. Umejitembeza jiko zima haujapata mlango.

Nilimtazama Mzee Taa. Alikuwa amechukua lile fungu la karata, analisukuma, analirudisha, analisukuma. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia nyumba aliyoishi miaka mingi, leo ndiyo kaonyeshwa chumba asichokijua.

Mzee Taa: Patasi zetu zilikuwa zikiteleza pale. Msimamizi akitutukana, anasema mikono ya uvivu. Kumbe.

Ubao: Kumbe.

Mzee Taa: Asante, Mwalimu. Nafurahi kujua hilo nikiwa hai.

Bi Birika: Jamani, si muone faida yake? Kama inateleza hivyo, si dawa ya komeo la Wembe hilo?

Nikataka kumwambia nimejaribu mafuta ya kila aina, mafuta yalinasa vumbi na nywele, yakazidi kuharibu. Lakini Mzee Taa alikwisha simama. Alisaga kipande kwa kisigino juu ya tofali, akakusanya unga kwa ncha ya karata ya Breki, akautia kwenye njia ya komeo, juu na chini. Akanishika mkono akauweka kwenye kishikio.

Mzee Taa: Vuta.

Nikavuta, halikuja. Nikasukuma, nikavuta tena, likasogea upana wa ukucha, halafu likaja lote, nikarudi nyuma karibu niingie kwenye kiti changu cha kunyolea. Nikalisukuma, likaingia. Nikalivuta, likatoka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa mtu mzima. Tangu mvua za mwanzo nalala jicho moja wazi kwa sababu ya kamba, na sasa mzee aliyetoka kitandani juzi ameniondolea taabu hiyo kwa unga wa jiwe. Nikasema kwa sauti.

Mimi: Mzee, Mungu akupe umri. Kweli tena. Mambo ya ndoo yameisha. Kijiwe kimefaidika.

Soli: Hukumu imetoka!

Breki: Rufaa hakuna!

Mzee Taa: Hapana, wanangu.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotuvunja nguvu.

Mzee Taa: Komeo ni komeo, moto ni moto. Sheria haisemi alete kitu, inasema alete moto. Mkinisamehe leo kwa sababu nimeugua, basi bado niko wodini. Niacheni nikae kwenye ndoo kama mtu mzima wa kijiwe.

Mzee akaenda, akaikung'uta ndoo, akakaa. Magoti yakamfika kifuani. Upepo wa mfereji ukamkuta, akavuta kola.

Mzee Taa: Nilikuwa nimejiandaa kusema nikishika birika mkononi. Birika ni baridi, nitasema hivyo hivyo. Asanteni. Kule wodini usiku, nikiamka nikakuta mmoja wenu amesinzia kitini, nilikuwa nikijisemea, kumbe sijafa. Asanteni sana.

Bi Birika alikuwa wa kwanza kusogea. Aliliondoa birika jikoni, akaliweka pembeni, akatandika gunia kando ya ndoo, akaketi chini.

Mzee Taa: Wewe vipi? Zamu haikuwa yako.

Bi Birika: Miguu imechoka. Na benchi lenu lina msumari.

Halina msumari. Breki akainuka, akajinyoosha.

Breki: Mimi mgongo wangu daktari aliniambia unapenda ardhi.

Bi Birika: Daktari gani?

Breki: Alihama.

Akakaa upande wa pili wa mzee, upande ule upepo unakotokea, na Breki ana mgongo mpana. Ubao akasema pale chini mwanga wa kusahihishia ni mzuri zaidi, akakusanya madaftari yake akaenda kukaa penye kivuli kizito. Soli akachukua sindano na kiatu chake.

Soli: Mimi sina sababu. Nakuja tu.

Nikabaki mimi. Msinione mwema, mimi sikushuka. Benchi liko mbele ya kibanda changu, mteja akija anitafute wapi, mferejini? Nikakaa kwenye ncha niliyoizoea, na kwa kuwa wenzangu wote wameondoka na matofali ya upande wangu yamekaa ndani, ubao ukaanza kuinama chini yangu, polepole, ncha ya pili ikinyanyuka hewani. Walinitazama wote watano. Nikasema hewa ya huku juu imekuwa nzito, nikashuka. Tukawa tumebanana kando ya mfereji bega kwa bega, hakuna pengo la kupitisha hata karata, na kwa mara ya kwanza sikuusikia ule upepo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja tusiyemjua. Alikuwa na mfuko begani na chupa ya uji mkononi, amevaa viatu vya mtu aliyetembea sana. Akalitazama benchi refu, tupu, safi. Akatutazama sisi sita chini, tumeizunguka ndoo na jiko lisilo na moto.

Mwanamke: Samahani, wazee wangu. Benchi hili lina mtu?

Mnaweza kuona ni swali dogo. Ubao akamtazama Bi Birika. Tukisema lina watu, wako wapi? Tukisema halina, sisi ni nani? Soli alivuta uzi mpaka ukakatika.

Mzee Taa: Keti katikati, mwanangu. Pembeni linapinduka.

Akaketi, akaweka chupa ya uji mapajani.

Mzee Taa: Unaelekea hospitali?

Mwanamke: Ndiyo, baba. Muda wa kuona wagonjwa bado, nimesema nipumzike. Ni mume wangu. Kifua.

Mzee Taa: Usiku anakaa na nani?

Mwanamke: Hana mtu. Sisi ni wageni hapa, na mimi nina watoto nyumbani. Namwacha jioni, namkuta asubuhi.

Mzee Taa akagusa paji la uso, pale penye swichi.

Mzee Taa: Bi Birika. Sheria inasema mtu akae kwenye ndoo mpaka lini?

Bi Birika: Mpaka zamu yake nyingine.

Mzee Taa: Basi zamu yangu nyingine imefika. Mwambie mumeo, mwanangu, leo mchana kuna mzee atakuja kukaa naye. Usiku sitaweza, kifua changu nacho kina amri zake.

Breki: Usiku wangu.

Soli: Kesho mimi. Nina kiatu cha kumalizia, gizani nashona vizuri tu.

Ubao: Niachieni gazeti.

Mwanamke alitutazama mmoja mmoja, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Bi Birika akampokea chupa ya uji, akaitikisa, akasema uji huu umepoa, twende kwangu tuupashe, kwangu kuna moto unaowaka. Breki akamshika Mzee Taa kwapa la kushoto, Ubao la kulia, wakamwinua kutoka kwenye ndoo, naye akawaambia waache kumbeba, anaenda kazini.

Nikaingia ndani nikachukua wembe, sabuni na taulo safi, maana mgonjwa asiye na mtu huwa hajanyolewa. Nikatoka, nikavuta mlango. Komeo likaingia bila kelele.